Kumpogoa Mgeni

Aliletwa na nesi Lugano wa Makandana,
kipande cha shina, majani mawili,
kimefungwa kwa bandeji iliyoloa.
Mama akakichomeka kwenye kopo la maziwa ya unga
akakiita Mgeni, kwa kuwa hakulijua jina lake
na nesi naye hakulijua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa miaka kumi na tisa
hajashika hata mpini.
Aliparamia waya wa simu ya mezani,
simu isiyolia tangu msiba wa baba,
akapita nyuma ya saa ya ukutani, akaushika mshale
ikabaki saa tatu na robo,
akajipenyeza kwenye dari pale mvua ya Tukuyu ilipotoboa,
akatokea chumbani kwa mama
kama mtu anayetafuta choo usiku.
Dirisha linalotazama Rungwe akalifunika lote,
jani moja upana wa sinia.
Tukawa tunakula ugali wa mchana kwa taa.

Julai hii mama akasema:
Ambwene, mpunguze. Usiku namsikia anapumua kunizidi.

Mimi ni fundi cherehani.
Sijawahi kukata kitu kisichopigwa chaki.
Nikaazima kisu cha kupogolea chai kwa Mwakalobo,
akanipa huku akicheka:
Chai tunaikata hadi magotini, na haijawahi kununa.

Mama akavuta kigoda.
Macho yake yana ukungu wake wenyewe,
mtoto wa jicho kulia, mtoto wa jicho kushoto,
lakini vidole vyake vilipanda shina polepole
vikihesabu, vikirudi, vikihesabu tena.
Hapa, akasema. Juu ya fundo.
Mwachie pa kuanzia.
Siku hiyo chaki yangu ilikuwa kidole cha mama.

Nikakata.
Utomvu ukanitambaa hadi kiwiko, ukawasha kama upupu.
Mizizi yake midogo ilikuwa imeuma ukuta;
kila nilipovuta iling'oka na rangi:
bluu ikatoa kijani, kijani ikatoa chokaa
ya mwaka niliozaliwa.
Vumbi. Mayai ya mjusi. Risiti ya mbolea.
Na kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya majani makavu,
kifungo cha kahawia, matundu manne,
cha koti la baba.

Nilikitafuta usiku kucha ule,
cherehani ikisubiri, jeneza likisubiri,
mwishowe nikashona cheusi.
Alizikwa na kifungo kisichofanana.
Aliyegundua ni mimi tu, nadhani.
Nikakitia mfukoni. Mama akauliza, Mbona umenyamaza?
Nikamjibu, Nawashwa.

Sijui nani alipeleka habari.
Kabla ya saa tano mlango ulijaa:
mke wa Mwakalobo na sufuria lisilo na mkono,
Sekela na chupa ya dawa ya kikohozi,
watoto wa jirani na kopo la rangi wakigombania jani kubwa,
hata mchungaji, na kikombe, akiona haya.
Vipande ishirini na vitatu.
Ndaga, mama, ndaga fijo,
wakaondoka naye wakimkinga na manyunyu,
mgeni anakwenda ugenini.

Nikafagia. Nikafuta kioo kwa gazeti.
Kikabaki kisiki cha dhiraa moja na majani matano
yamesimama kama walioitwa majina.
Nje ukungu ulikuwa unapanda,
mashamba ya viazi yakajitokeza, kisha msitu,
kisha mlima wenyewe, mpana,
sikukumbuka kama uko karibu hivyo.

Mama akageuza uso.
Akanyoosha mkono pale yalipokuwa majani,
ukagusa kioo, ukatulia.

Nani kawasha taa?

Ni saa sita mchana, mama.

Akakaa kimya kidogo, kiganja bado kwenye kioo.

Hata kama, akasema. Zima.
Luku imebaki yuniti nne.